Waya umechomoka kwenye bodi ya CDI ya pikipiki ya zamani, naweza kuurudisha mwenyewe?

Kiki Moja

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimechoka kusukuma. Nina pikipiki ya zamani, silinda moja, nimeachiwa na mjomba. Ilianza kidogo kidogo, nikipita kwenye tuta inakata moto ghafla kama mtu kazima swichi, alafu sekunde mbili tatu inashika yenyewe kama bado inatembea, mara nyingine haishiki mpaka nisimame nipige kiki. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikabadili mpaka kofia ya plagi, hamna kitu. Jana nikasema ngoja niiache inaunguruma pale pale alafu nishike waya moja moja, nikaanzia kwenye swichi nikashuka, nilipofika kwenye kile kiboksi cha CDI (kinachopigisha cheche ya plagi) chini ya tangi nikatingisha waya wa kijani kidogo tu, ikazima. Nikapiga kiki ikawaka, nikaugusa tena, ikazima. Nikajua nimempata mchawi.

Sasa nikakifungua kiboksi. Ni kile cha kizamani ambacho waya zinatoka moja kwa moja ndani ya bodi, hakina soketi, ziko tano. Ndani wamemwagia kitu kama raba laini nyeusi, nikaibandua taratibu kwa kijiti, na wakati nabandua ule wa kijani ukanibaki mkononi. Tena haukuja peke yake, umekuja na kale kaduara ka shaba kalikokuwa kameushika chini ya bodi, nimebaki na tundu tupu.

Naweza kuurudisha kwa kuchomelea risasi mwenyewe? Kichomeo ninacho cha wati 30 na risasi ya kawaida ya redio. Na kama kaduara kameshang'oka nitaushikiza wapi, na hiyo raba niliyobandua niweke nini badala yake? Msinicheke, sijawahi kufanya kazi ya bodi zaidi ya kurudishia waya wa spika.

Bila Breki

Ndugu tupa hiyo. CDI ni kitu cha kubadilisha sio cha kutengeneza, ndo maana wenyewe wameimwagia raba usiione ndani. Utachomelea leo, kesho inakuacha njiani usiku. Mi nishabadilisha tatu na maisha yanaenda.

Kamba Mbili

@Bila Breki ukibadilisha tatu si ina maana mbili zilikufa? 😂

Kiki Moja, kununua mpya sio dhambi ila uangalie, kiboksi kuingia kwenye waya zako haina maana ni cha injini yako. CDI ndo inaamua cheche ipige nyuzi (digrii) ngapi kabla pistoni haijafika juu na jinsi inavyosogea injini ikizidisha mzunguko, kwahiyo ukiweka ya injini nyingine itawaka vizuri tu alafu utashangaa haina nguvu au kiki inarudi inakupiga mguu. Kama hii yako ilikuwa nzima kabla ya waya kulegea mi ningejaribu kuiokoa kwanza.

Mzee wa Stata

Kijana wangu kabla hujashika kichomeo nijibu kitu kimoja. Pikipiki ina betri nzima? Na ukiitoa betri inawaka kwa kiki au haiwaki?

Kiki Moja

Mzee shikamoo. Betri ilishakufa siku nyingi, nimeitoa kabisa, hata honi haipigi. Inawaka kwa kiki bila betri, na taa kubwa inawaka injini ikizunguka.

Mzee wa Stata

Marahaba. Basi umeshanijibu mengi. Hiyo CDI yako haitegemei betri, inakula umeme wa stata moja kwa moja, yaani zile koili zilizotulia kwenye sumaku ya injini. Kule kwenye stata kuna koili moja nyembamba yenye mizunguko mingi sana inayotoa umeme wa voltu mia na kitu mpaka mia tatu hivi kutegemea mzunguko wa injini, huo unaingia kwenye bodi, unapita kwenye daiodi inayoruhusu upande mmoja tu, unajaza kapasita inayouhifadhi. Kapasita yenyewe ni ndogo, nyingi ni kama maikrofaradi 1 hivi. Alafu kuna koili nyingine ndogo ya kutoa ishara, sumaku ikipita mbele yake inatoa kijiumeme kinachofungua thairista, yaani swichi ya kielektroniki, na thairista ikifunguka kapasita inamwaga mzigo wake wote kwa mpigo kwenye koili ya plagi. Hapo ndo cheche.

Sasa hesabu waya zako. Moja inaleta umeme wa kujaza, moja inaleta ishara, moja inakwenda koili ya plagi, moja inakwenda kwenye swichi ya kuzimia, na ya tano ni ethi. Katika Honda na nyingi zilizoigwa kutoka kwao kijani ndo ethi. Umeme wa kujaza na ule wa ishara na ule wa koili wote lazima urudi, na njia ya kurudi ni hiyo hiyo ya kijani. Ikiachia hata kwa kupepesa jicho, kwenye bodi hakuna kinachofanya kazi. Ndo maana ilikuwa inakata kama mtu kazima swichi na sio kukohoa kohoa kama pikipiki iliyokosa mafuta. Ulishaonyeshwa dalili mwanzoni ila ukaenda kufua kabureta, usijali wote tunaanzia hapo.

Pili, kwanini ni ethi iliyolegea na sio zile nyingine nne? Geuza bodi uangalie. Zile nyingine zimekaa kwenye vijia vyembamba vya shaba, ethi imekaa kwenye shaba pana iliyotandazwa karibu nusu ya bodi. Shaba pana inanyonya joto. Aliyechomelea kiwandani kama aligusa kwa muda ule ule aliogusa zile nyingine, risasi juu iling'aa lakini chini haikushika vizuri. Ikakaa hivyo miaka yote, matuta yakamalizia.

Kwahiyo kaduara kung'oka kusikuumize kichwa. Ingekuwa waya wa ishara ungepata kazi, ila ethi una shaba pana ya kuchagua. Kabla ya yote, kapasita. Hata kama kiboksi kimekaa mezani usiamini. Chukua rezista ya kiloomu 10 hivi, ishike kwa koleo lenye mpira, gusisha miguu miwili ya kapasita sekunde chache, alafu pima na mita kwenye voltu za DC uone imeshuka karibu na sifuri. Usifanye ile ya kugusisha bisibisi, inapiga kofi la moto na unaweza kuua thairista ukaanza kusema kichomeo ndo kimeua.

Alafu kwangua. Chukua wembe au ncha ya kisu, karibu na lile tundu kwangua ile rangi ya kijani inayofunika shaba, eneo la kama milimita 5 kwa 8, mpaka uone shaba inang'aa kama sarafu mpya. Usikwangue kwa hasira, shaba ni nyembamba kuliko karatasi. Safisha kwa alkoholi na mswaki wa zamani, paka fulaksi (dawa ya kusaidia risasi ishike) ya risasi ya redio, alafu paka risasi kidogo hapo peke yake bila waya. Ikitandaa ikalala kama maji kwenye sahani, imeshika. Ikikaa kama tone juu ya jani la muhogo haijashika, usiendelee, rudia kusafisha.

Kuhusu wati 30, kwa zile waya nyingine inatosha, kwa ethi utahangaika. Utakaa sekunde 15 na risasi haiyeyuki sawasawa, joto linatambaa linakwenda kung'oa shaba nyingine. Tafuta cha wati 60, na ncha yake iwe bapa kama bisibisi, sio ile ya sindano. Ajabu ni kwamba kichomeo chenye nguvu ndo salama zaidi, unagusa sekunde 4 au 5 unaondoka. Kama kina kupimia joto weka nyuzi 350.

Shangazi Spana

Mzee kamaliza bodi, mi naongelea waya maana hapo ndo wengi wanaharibu kazi.

Mwanangu Kiki Moja kata ule mwisho wa waya, menya sentimita moja, angalia rangi ya shaba ndani. Ikiwa nyekundu inang'aa una bahati. Ikiwa nyeusi kama imepakwa masizi risasi haitashika hata uite mafundi kumi, ni maji yametambaa ndani ya plastiki kwa miaka. Kata sentimita nyingine, menya tena, endelea mpaka ukutane na shaba nyekundu. Kwenye pikipiki za zamani mi nishawahi kukata mpaka waya ukaisha nikaweka mpya wote. Ukiweka mpya weka wa nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita mraba 0.75 au 1 unatosha kabisa. Usije ukaweka ule wa nyumba wenye uzi mmoja mnene wa shaba, ni mgumu na mtetemo unauvunja kama kijiti.

Fulaksi: ile ya kwenye kopo ya kuchomelea rejeta na mabomba ina asidi. Inashika vizuri kweli, utafurahi, alafu baada ya miezi inaanza kula shaba kimya kimya utaona unga wa kijani. Tumia ile ya utomvu tu, na risasi nyingi za redio tayari zinayo katikati.

Kingine, usiloweshe waya risasi mpaka juu. Milimita 3 au 4 ya mwisho inatosha. Risasi ikipanda kwenye nyuzi mpaka chini ya plastiki waya unakuwa mgumu kama msumari, na pale ugumu unapoishia ulaini unapoanza ndo waya unakatika. Ukiangalia waya uliokatika karibu na bodi karibu zote zimekatika pale pale, sio kwenye risasi.

Dj Stata Mbovu

Mbona mnamzungusha, achomelee alafu apige supagluu pale juu na gundi ya moto ya bunduki aizibe yote, mi yangu hivyo hivyo

Shangazi Spana

@Dj Stata Mbovu yako iko wapi, chini ya tangi juu ya injini? Gundi ya bunduki inalainika kwenye joto ambalo eneo lile linalifikia bila shida, siku ya jua kali umesimama kwenye foleni inakuwa uji. Na supagluu ikikauka inakuwa kama kioo, mtetemo unaipasua na inaondoka na kipande cha bodi. Kwenye taa ya chumbani sawa. Kwenye pikipiki hapana.

Dj Stata Mbovu

Yangu iko chini ya siti 😅 sawa shangazi

Kiki Moja

Nashukuru sana aisee. Nimemenya waya, sentimita mbili za kwanza nyeusi tii, ya tatu nyekundu. Ila umekuwa mfupi, kwahiyo nitaweka kipande kipya. Swali, hicho kipande kipya na ule wa zamani niviunge vipi, navyo niviyeyushie risasi? Na kabla sijarudisha nitajuaje kwamba kosa ni hapo tu, maana mita yangu nikiweka kwenye mlio ule waya ulikuwa unalia pii kama kawaida hata kabla haujachomoka, ndo maana mwanzo sikuushuku.

Mzee wa Stata

Hapo kwenye mlio umegusa ugonjwa wa watu wengi. Mita nyingi zinalia hata kama kuna omu 30 njiani, na waya ukibakiwa na uzi mmoja kati ya ishirini utalia vile vile. Tena unapima pikipiki imetulia wakati ugonjwa unakuja ikitikisika. Weka mita kwenye omu za chini, gusanisha kwanza zile ncha mbili zenyewe kwa zenyewe uone inasoma ngapi, nyingi zinasoma 0.2 au 0.3, hiyo ni ya waya za mita utaitoa. Alafu weka ncha moja kwenye bodi, ile nyingine kwenye mwisho wa waya, na utingishe waya huku unaangalia namba. Isicheze. Ikiruka ruka hata kidogo hujamaliza.

Kuunga waya kwa waya mi napendelea kubana na teminali ya shaba kwa koleo lake kuliko risasi, kwa sababu ile ile aliyosema Shangazi ya ugumu. Kama huna koleo la kubania, sokota nyuzi zipishane kama vidole, weka risasi kidogo, funika na kile kipira kinachosinyaa kwa joto, na ufunge kiungio kwenye waya nyingine zilizotulia kisije kikawa kinaning'inia.

Na usisahau waya wa swichi ya kuzimia. Kwenye CDI za aina yako injini inazimwa kwa kuupeleka huo waya kwenye ethi. Kama plastiki yake imechubuka mahali na inagusa fremu ukipita kwenye tuta, dalili ni zile zile kabisa za kwako. Wakati wa kujaribu uchomoe, mara nyingi ni mweusi wenye mstari mweupe, ila thibitisha kwenye mchoro wa pikipiki yako maana rangi sio sheria. Ukiuchomoa swichi haitazima injini, kwahiyo jua kabisa utaizimaje, mfano vuta choki au weka gia ya juu ukanyage breki na uachie klachi taratibu. Mwenye CDI ya betri asijaribu hivi, kule mambo ni kinyume.

Kamba Mbili

Nyongeza ndogo ya kumlinda maskini CDI, ukiwa unajaribu cheche usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani. Igusishe kwenye kichwa cha injini mahali pa chuma kitupu. Ule umeme ukikosa pa kutokea unatafuta njia ndani ya koili, na ndani ya koili ikishatoboka imetoboka. Na wala usiweke mita kwenye ule waya wa kwenda koili injini ikiwa inazunguka, utaipoteza mita.

Kiki Moja

Wakuu nimerudi na ripoti. Nimeazima kichomeo cha wati 60 chenye ncha bapa. Mara ya kwanza risasi ilikaa kama tone, kumbe nilikuwa nimekwangua nusu nusu, nikarudia na wembe, ikatandaa kama mzee alivyosema. Nikalaza waya juu yake, sekunde nne, nikauacha bila kuupulizia maana niliambiwa mahali fulani ukipuliza au ukitikisa kabla haijaganda inapasuka ndani. Nikapima, 0.0 baada ya kutoa za mita, nimetingisha waya kama nafukuza nzi na namba haijacheza.

Nikafunga, kiki ya pili ikashika. Nikapita matuta yote, hamna kukata. Nikawa nimeshaanza kutunga ujumbe wa kuwashukuru, alafu dakika kama 20 hivi ikazima. Hakukuwa na tuta, barabara nyororo kabisa. Nikapiga kiki mpaka jasho, haikuwaka. Nimekaa pale kama dakika 15, ikawaka kiki ya kwanza. Leo imerudia hivyo hivyo. Nimeunguza kitu na kichomeo??

Bila Breki

Nilisema mimi

Mzee wa Stata

Tulia. Dakika 20 alafu inazima alafu ikipoa inawaka, kabla ya kulaumu bodi fungua kifuniko cha tangi ikishazima. Ukisikia inavuta hewa fyuu, tundu la hewa la kifuniko limeziba na mafuta hayashuki, bodi haina kosa. Kama hakuna fyuu, hapo hapo bado ikiwa ya moto toa plagi uangalie cheche, ila beba plagi ya akiba usichome vidole. Usipime ukiwa nyumbani imeshapoa, utaona cheche safi utabaki unakisia.

Kiki Moja

Nimefanya. Kifuniko hakina shida, hakuna fyuu. Ikiwa ya moto cheche hakuna kabisa, hata ile dhaifu ya rangi ya chungwa. Nikapima na koili ya ishara pale pale ikiwa ya moto, omu 118, nyumbani ikiwa baridi ni 109. Nilihisi itakuwa imekatika lakini naona iko.

Shangazi Spana

Hiyo iko sawa, shaba ikipata joto omu zinapanda kidogo, ingekuwa imekatika mita isingesoma kitu. Pima na ile koili ya kujazia kwa namna hiyo hiyo, ikiwa nayo haijabadilika sana basi rudi kwenye bodi, na safari hii usiangalie waya. Angalia miguu ya vitu vizito. Kitu kizito kuliko vyote humo ndani ni kapasita, na umesema ile raba umeibandua, kwahiyo hata kilichokuwa kinaishikilia umekitoa mwanangu. Chukua lenzi au simu uvute picha karibu, mwangaza uje kwa ubavu sio juu. Tafuta mstari mwembamba wa duara kuzunguka mguu, kama pete ya kijivu iliyofifia. Ukiona pete hiyo mguu umeachana na risasi, unagusana ukiwa baridi, ukipata joto vitu vinatanuka unaachia.

Ukitaka kuhakikisha, bodi ikiwa mezani sukuma kapasita kwa kijiti cha mbao taratibu huku na huku ukiangalia mguu wake kwa chini. Mguu ukicheza ndani ya risasi huhitaji mita.

Kiki Moja

SHANGAZI. Pete ipo. Tena sio moja, mguu mmoja wa kapasita una pete nzima na nikisukuma unaonekana kabisa unapanda na kushuka kama pistoni, na mguu mmoja wa ile yenye miguu mitatu (nadhani ndo thairista) una nusu pete. Kwa macho ya kawaida nilikuwa naona risasi nzuri inang'aa. Koili ya kujazia nimepima moto na baridi, haina shida.

Sasa hapo nayeyusha tu ile ile iliyopo au naongeza?

Mzee wa Stata

Usiyeyushe tu. Ile ya zamani imeshachoka na imejaa uchafu, ukiiyeyusha peke yake inaganda vile vile na pete inarudi. Inyonye uitoe kwa pampu ya kunyonyea au utepe wa shaba, safisha mguu mpaka ung'ae, weka mpya. Ya asilimia 60 bati na 40 risasi yenyewe (ledi) inaanza kuyeyuka nyuzi 183, kazi nzuri kwa bodi ya zamani. Ile isiyo na ledi ndani inataka nyuzi 217 na kuendelea, na kwa shaba iliyozeeka kama hiyo sioni sababu ya kuongeza joto. Thairista iguse haraka, sekunde 3, ukikosa iache ipoe kwanza ndo urudie. Mguu wenye nusu pete fanya na huo, usiuache eti bado unashika. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula kitu, risasi sio chakula.

Alafu sasa ndo turudi kwenye swali lako la mwanzo kabisa, lile la raba, ambalo wote tulilipita tukakimbilia kuchomelea, na mimi nikiwemo. Ile raba haikuwekwa kuficha siri kama alivyosema ndugu yetu Bila Breki. Inazuia maji na inashika vitu visitetemeke. Umeiondoa, kapasita ikabaki imesimama kwa miguu yake miwili juu ya injini ya silinda moja, ile pete ilikuwa inaanza tangu zamani lakini kwa dakika 20 zako umeimalizia. Weka silikoni, lakini sio ile yenye harufu ya siki. Ile ikikauka inatoa asidi ya siki inayokula shaba, na wewe ndo kwanza umetoka kukwangua shaba nzima wazi. Ipo isiyo na harufu hiyo, kwenye kopo inaandikwa ni ya aina isiyo na asidi au inayofaa kwa vifaa vya umeme. Paka chini ya kapasita na ubavuni iegemee bodi, paka pale waya zote tano zinapoingia kwa urefu wa sentimita moja hivi, funika na shaba uliyoikwangua. Iache siku nzima kabla ya kufunga kifuniko, inakaukia kwa unyevu wa hewa, ukiifungia mapema katikati inabaki mbichi.

Shangazi Spana

Na nje ya kiboksi hizo waya tano zifunge pamoja na uzishikize kwenye fremu sentimita 5 au 6 kutoka kiboksi, katikati acha zilegee kidogo kama kitanzi. Ule wa kijani ulikuwa umevutika au ulikuwa na nafasi?

Kiki Moja

Ulikuwa umevutika shangazi, sasa ndo nakumbuka. Mjomba aliwahi kuhamisha kiboksi akakisogeza nyuma kidogo ili tangi likae vizuri, na kijani ndo ulikuwa mfupi kuliko wote. Kila usukani ukikata kona lile fungu la waya linasogea na ulikuwa unavuta.

Kamba Mbili

Mjomba 😂😂

Kiki Moja

Ripoti ya mwisho nadhani. Miguu yote nimeibadilishia risasi, nimegusa na waya nyingine nne maana nilipozimulika kwa ubavu mbili zilikuwa na mwanzo wa pete. Silikoni imekaa siku moja na nusu. Waya wa kijani mpya nimeuongezea sentimita nane, umefungwa kwenye fremu na kitanzi chake. Siku ya nne leo, nimezunguka saa nzima bila kusimama kwenye barabara mbovu kabisa ninayoijua, haijakata hata mara moja. Swichi ya kuzimia nimerudishia na inazima.

Ila sasa kuna kitu kingine, taa ya mbele nikipiga breki ya mbele inafifia, nikiachia inarudi. Nimetingisha waya za kule mbele na kuna kijani kingine kinaingia kwenye bolti ya fremu nyuma ya taa, nikikisukuma taa inakuwa nyeupe.

Mzee wa Stata

Fungua hiyo bolti, utakuta chini ya teminali kuna rangi na kutu. Kwangua fremu mpaka chuma, kwangua na teminali yenyewe, kaza, alafu paka grisi juu ya kiungio maji yasiingie. Ikiendelea fungua mada nyingine, hii ya CDI iache hapa.

Bila Breki

Wakuu samahani kuingilia, hiyo pete ya kijivu inaonekana hata kwa kamera ya simu ya kawaida? Nina tatu ndani ya droo.